Nyumba Iliyolishwa Nyasi

Kwa mwaka mmoja na nusu niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Uchina hakuna mtu anayeota moto. Niliamini kwamba kule, kwenye baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini, watu wanazika nyasi mbichi chini ya sakafu, wanazishindilia, wanazifunika kwa udongo, na nyumba inachemka yenyewe miaka kumi bila kijiti kimoja cha kuni. Niliambiwa kuwa mama wa nyumba anaweka chungu cha maharage sakafuni jioni, na asubuhi anapakua. Niliambiwa pia kwamba mwaka wa kwanza joto ni kali mno, hivyo wanaingiza kuku kwanza ili walipunguzepunguze. Hata hilo la kuku nililiamini.

Aliyenieleza alikuwa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga mjini, lori lililokuwa likipeleka nafaka Tunduma, ambako reli mpya ilikuwa inajengwa na Wachina walikuwa kila mahali. Utingo mwenyewe hakuwahi kuzungumza na Mchina hata mmoja. Alisikia kwa utingo mwingine, naye alisikia kwa mpishi wa kambini. Mimi sikuona kasoro yoyote hapo. Nilikuwa msomi. Miaka miwili nilibeba magunia mchana katika maduka ya mjini, na jioni niliketi kwenye benchi la darasa la watu wazima kule Malangali, chini ya karabai, nikifundishwa na karani mmoja kutoka Mbeya ambaye alitoa somo la sayansi kama anayehubiri mkutano wa injili. Nikapata cheti. Nilijua kwamba joto ni nguvu na kwamba nguvu haipotei. Sentensi hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Lazima nieleze kwa nini joto lilikuwa jambo kubwa hivyo. Sisi tulizaliwa kwenye kibonde kidogo, nyumba zetu zimejificha kando ya kijito, miti nyuma, upepo wa mwezi wa sita ukipita juu ya mapaa kama mgeni asiyetufahamu. Ikaja amri ya kuhamia kijijini. Kijiji kilipimwa juu, kwenye uwanda mtupu kama kiganja. Bwana mmoja mwenye kofia ya kaki alikuja na kamba na vigingi, akanyoosha mistari, nyumba zote zikaelekea barabarani, na barabara ilielekea upepo unakotoka. Mama yangu alisimama pembeni akimtazama akipigilia vigingi vyake.

"Huyu mwenye kamba," aliniuliza kwa Kifipa, "naye atalala hapa?"

"Hapana, mama. Analala mjini."

"Nilidhani hivyo," akasema.

Nyumba ya kibondeni iliezuliwa ili tusipate pa kurudi. Nikajenga mpya kwenye mstari, ya matofali mabichi na paa la nyasi, kwa haraka, kama kila mtu. Kuni sasa zilikuwa mbali. Mke wangu alitoka jogoo la kwanza na kurudi jua likiwa utosini na mzigo mmoja, nao uliisha kwa siku mbili. Siku zisizo na kuni tulichoma mabua ya mahindi, yanayotoa moshi wa kutosha kumfukuza shetani na watoto wake.

Na mama alikuwa na kifua. Tulisema hivyo tu, ana kifua, kama vile sisi wengine hatukuwa nacho. Baridi ilimbana, na moshi ulimbana. Kule kibondeni alilala kando ya kisiki kigumu kinachoacha makaa yasiyo na moshi mpaka asubuhi. Kijijini alichagua siku kwa siku: leo nikohoe kwa baridi au nikohoe kwa moshi.

Mwisho wa mwaka ule wa kwanza dada yangu, aliyeolewa chini katika bonde la Rukwa, alipanda mlima siku mbili kuja kumchukua.

"Mama anakwenda kwangu," alisema hata kabla hajakaa. "Kule blanketi tunafunikia magunia ya mpunga tu."

Mama alisema bondeni haendi. Alisema mbu wa kule wanaweza kumbeba mtu mpaka ziwani wakamrudisha. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mume wake amelala huku juu, na yeye hajamaliza kumtunzia kaburi.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimesikia habari za Uchina na zilikuwa bado zinaniwasha.

"Dada," nikasema, "nipe mpaka mwezi wa saba. Nyumba hii itakuwa na joto bila moshi. Nikishindwa, njoo umchukue, sitasema neno."

Dada alinitazama kama anayetazama ndama mwenye miguu mitano. "Mwezi wa saba," akasema. "Na mama amesikia."

"Nimesikia," mama akasema.

Sasa usinione mpumbavu moja kwa moja. Nilifanya uchunguzi. Sisi Wafipa nyasi za shamba hatuzichomi, tunazizika. Mvua zikiwa bado zinanyesha tunakata majani na mizizi yake, tunayageuza, tunayafunika kwa udongo kwenye tuta la duara tunaloliita ntumba, yanaoza humo ndani na kuwa mbolea. Mtu yeyote aliyelima ntumba anajua kuwa ukipenyeza mkono katika tuta la wiki moja, unakuta joto. Mwezi wa tatu nilipiga magoti shambani, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na nakuapia ilikuwa kama kuutia kwenye ugali uliotoka jikoni. Nikamwita mke wangu.

"Weka mkono."

Akaweka. "Lina joto," akasema.

"Sasa lifanye liwe kubwa kama nyumba nzima."

Akautoa mkono, akajifuta kwenye kanga. "Na baadaye?"

"Baadaye nini?"

"Kwenye tuta, joto likishakwisha mimi hupanda maharage. Mle ndani nitapanda nini, baba watoto?"

Nilicheka mpaka jembe likaniponyoka. Nilimweleza kwamba tuta ni dogo, linapigwa na mvua na upepo, joto linakimbia. Nyumba ina paa. Joto litakimbilia wapi? Nguvu haipotei. Yeye alichukua jembe lake akaendelea kulima, na mimi nikahesabu ukimya ule kuwa ushindi wa elimu.

Nilikuwa na maksai wawili wa kulimia. Nikamwuza mmoja kwa familia ya wafanyabiashara wa mjini waliokuwa na bucha. Mzee wa familia ile, mtu mwenye kanzu safi na maneno machache, alimzunguka ng'ombe mara mbili, akaniuliza: "Mwenzake unamfanyia nini? Maksai mmoja halimi."

"Mwaka huu najenga, mzee wangu."

"Unajenga bati?"

"Najenga joto," nikamjibu, na nilijivunia jibu hilo mpaka nafika nyumbani.

Fedha ile ilikwenda kwenye mbao, misumari na magunia ya ulezi kwa ajili ya pombe, maana kwetu mtu haitishi mikono ya watu bila pombe. Nilitaka kuta mbili: ule wa zamani, na mwingine kwa ndani, ukiacha nafasi ya kiganja na nusu ya kujaza nyasi. Hayo yalikuwa matofali mengi. Tena siku za kazi ziligongana na siku za shamba la kijiji, ikabidi niende kwa mwenyekiti.

"Ndugu," aliniuliza, "hii ni nyumba ya mfano?"

"Ya mfano kabisa, ndugu mwenyekiti."

"Basi ijulikane ni mfano wa kijiji. Isiwe mfano wako."

Tukaelewana hivi: nyumba iwe mfano wa kijiji, na siku nitakazokosa shamba la kijiji azilipe mke wangu. Sikumwuliza mke wangu. Alizilipa, siku kumi na mbili, pamoja na zake.

Siku ya kufukua sakafu alisimama nje akiwa ameupa mlango mgongo. Sakafu ile aliitengeneza mwenyewe tulipohamia. Aliipiga kwa gogo wiki nzima, akaisiriba kwa udongo mweusi na samadi, akaisugua kwa jiwe mpaka ikang'aa. Vijana waliichimba kwa sururu asubuhi moja, mpaka kina cha goti, na walikuwa na haraka kwa sababu mitungi ya pombe ilikuwa inaonekana.

Akina mama walileta nyasi mbichi, mizigo na mizigo. Nasema kweli, siku ile ng'ombe wa kijiji walitutazama kwa chuki. Tukajaza shimo, tukajaza katikati ya kuta, tukanyunyiza maji, tukafunika kwa udongo, kisha ngoma ikapigwa ndani na watu wakacheza ili kushindilia. Kijiji kizima kilipita juu ya sakafu yangu kikiimba. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye masihara ambaye alikunywa kwa niaba ya watu watatu, alinikumbatia shingo.

"Msomi," akasema, "hii nyumba umeilisha. Sasa itacheua lini?"

"Siku ya nne, mzee."

"Ikicheua uniite. Sijawahi kuona nyumba inacheua."

Na siku ya nne ilicheua. Hapa sina haja ya kuongeza chumvi, ingawa nitaongeza. Asubuhi mama alishusha miguu kutoka kitandani, akaigusisha sakafu, akainyanyua, akaigusisha tena. Sakafu ilikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Siku ya saba mafuta ya ng'ombe kwenye kopo, ambayo nyumbani kwetu hukaa magumu kama sabuni, yalikuwa yanamwagika. Siku ya kumi nilikuwa natoka jasho mpaka ndani ya masikio, na kuku walijiingiza wenyewe wakakataa kutoka. Niliposema habari ya kuku mlidhani natania.

Kulikuwa na harufu, ndiyo. Mama aliisema kwanza. "Inanuka kama zizi," akasema. "Lakini zizi lina joto, na sijawahi kusikia ng'ombe anakohoa usiku kucha." Akacheka. Alicheka kicheko kizima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kikohozi kukikata katikati. Sikumbuki lini mara ya mwisho alikuwa amefanya hivyo. Alilala wiki tatu bila moto na bila moshi, na mashavu yalianza kumrudi.

Basi, ukitaka kujua mimi nilikuwaje wiki hizo tatu, mfikirie jogoo halafu umvishe koti. Watu walikuja kuangalia. Mwenyekiti alileta wageni wawili wenye mikoba, nami niliwapa somo la nguvu haipotei nikiwa nimesimama juu ya boksi la misumari. Mmoja aliandika. Nilimweleza kwamba kazi kama hii inagharimu maksai mmoja tu, na inakupa miaka kumi. "Yaani kila mwaka ni sehemu ya kumi ya ng'ombe," nikasema. "Mguu tu, na nyama ya mbavu kidogo." Wageni walicheka. Mke wangu, aliyekuwa anapita na ndoo kutoka shamba la kijiji, hakucheka.

Wiki ya nne mafuta kwenye kopo yaliganda.

Nilisema ni kwa sababu ya mlango kufunguliwa ovyo. Nikawagombeza watoto. Wiki ya tano kitanda cha mama kiliinama upande mmoja, kwa sababu sakafu ilikuwa inazama. Nikaweka tofali chini ya mguu wa kitanda. Tofali nalo likazama. Ukichungulia juu ya ule ukuta wa ndani uliona nyasi zimeshuka mpaka nusu, nyeusi, zinatoa maji, na maji yale yalikuwa yananywewa na matofali mabichi kama mtoto anavyonyonya. Ukuta ulianza kulainika kuanzia chini.

Mwezi wa sita ulipoingia, na ule upepo wetu wa kukata midomo, nyumba yangu ilikuwa na baridi ya aina mbili. Ya nje iliyokuja kwa mlango, ambayo kila mtu alikuwa nayo, na nyingine ya chini, ya majimaji, ambayo ilikuwa yangu peke yangu katika Ufipa nzima. Asubuhi moja mama aliniita, akanionyesha chini ya kitanda chake.

"Mwanangu," akasema, "hebu angalia huu uyoga. Huu unaliwa?"

Uliota mahali pazuri, kundi jeupe, vichwa vidogo. Aliuliza bila kejeli. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kunifariji, na kwa mtu aliyelima maisha yake yote, kitu kikiota si hasara kamili. Halafu akakohoa, akashika ukingo wa kitanda, akaendelea kukohoa mpaka mke wangu akaja kumshika mgongo.

Ungedhani hapo ningeacha. Msomi haachi. Niliamua kwamba nyasi zimekwisha nguvu kwa kuwa zilikuwa chache, zinahitaji kuongezwa. Lakini mwezi wa sita nyasi zote za uwandani ni kavu kama karatasi. Nikasema haidhuru, tutazilowesha. Mke wangu na watoto walibeba maji kutoka kisimani siku nne, tukafukua upande mmoja wa chumba, mama tukiwa tumemkalisha nje juani akiwa na mablanketi yote ya nyumba, tukajaza nyasi kavu na maji. Nilisubiri siku ya nne. Nilisubiri ya saba. Nilichopata ni tope baridi ndani ya chumba cha mgonjwa.

"Baba watoto," mke wangu alisema jioni hiyo, akiwa anakamua kanga yake, "sina sayansi. Lakini hili ni tope."

 

Dada alikuja mwezi wa saba, kama alivyosema. Alisimama mlangoni, akaangalia ukuta uliopinda, sakafu iliyozama, na mama aliyekuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa kwa sababu kilikuwa kitu pekee kikavu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa hata nimeandaa majibu. 

"Nguo zake ziko wapi?" dada akauliza.

Zilikuwa na ukungu. Mke wangu alizikung'uta moja moja, akazifunga kwenye shuka.

Niliwasindikiza mpaka ukingoni, pale uwanda unapokatika na bonde linaonekana chini likiwa limefunikwa na vumbi la joto. Nilimbeba mama mgongoni sehemu kubwa ya njia. Alikuwa mwepesi. Nimesema maneno mengi ya kuongeza katika maisha yangu, lakini hili siongezi: gunia la ulezi lilikuwa zito kuliko yeye. Tulipofika ukingoni, mume wa dada alikuwa amepanda na vijana wawili na machela kuja kumpokea.

"Kaburi la baba yako," mama akaniambia, "palilia kabla ya mvua. Usingoje mvua."

"Nitapalilia, mama."

"Na mkeo umtengenezee sakafu yake."

Walishuka taratibu. Nilisikia kikohozi chake kwa muda mrefu baada ya kuacha kuwaona.

Bondeni kifua kilimwacha. Dada alituma salamu kwamba mama analala vizuri, anakula samaki, hakohoi. Nilifurahi, na kila niliposikia habari hiyo nilijisikia kama mtu aliyepigwa kofi na mkono laini. Halafu mvua zikaja, na mbu wakaja, na mama, ambaye maisha yake yote aliishi juu kwenye baridi na hakuizoea homa ya bondeni, alichukuliwa na malaria kwa siku tano. Nilifika siku ya sita. Amezikwa kule chini, kwenye udongo wa mchanga wenye joto. Baba yuko huku juu peke yake. Napalilia kaburi lake kila mwaka kabla ya mvua.

Mvua hizo hizo ziliuangusha ukuta. Maksai aliyebaki nilimwuza ili kujenga tena, na tangu hapo tukalima kwa mkono. Sakafu mpya nilipiga mwenyewe, na mke wangu akaja kuirudia yote kwa sababu niliipiga vibaya.

Lakini sikiliza jambo la kushangaza. Hata baada ya haya yote, Uchina niliendelea kuiamini. Sikuwa na mashaka na Wachina. Nilijishuku mwenyewe. Nilidhani nimekosea aina ya nyasi. Nikiwa matangani kule bondeni, watu wakilia, mimi nilikuwa nafikiria nyasi gani hasa walitumia, kama ni zile za majini zenye shina nene, na kama ningeliuliza swali hilo mapema, mama angekuwa nyumbani kwake. Swali hilo lilinila kuliko ukuta, kuliko maksai wote wawili.

Katikati ya mwaka uliofuata kijiji kilikuwa kinajenga zahanati, na akaletwa fundi mwashi, mtu wa upande wa Mwazye aliyekuwa amerudi kutoka kazi ya reli. Miaka mitatu alijenga pamoja na Wachina, anakula nao, anajua hata kuhesabu kwa Kichina. Nilimfuata siku ya kwanza tu. Nilimkuta anachanganya udongo kwa koleo.

"Karibu, ndugu," akasema.

"Fundi, nina swali moja la kitaalamu. Wale Wachina kwao, kwenye baridi, zile nyasi za kupashia nyumba joto. Ni nyasi za aina gani?"

Hakuacha kuchanganya. "Mabua ya nafaka, majani makavu, chochote kilichopo. Mwenzangu mmoja alinichorea chini. Kwao ni uwanda mtupu kama hapa, kuni hazipo."

"Makavu?"

"Makavu."

"Na wanazika kina gani?"

Akasimamisha koleo. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri.

"Hawaziziki, ndugu yangu," akasema. "Wanazichoma. Wanazichoma jikoni wakati wa kupika, moshi unapita chini ya kitanda cha matofali na kutokea nje kwa dohani. Kitanda ndicho kinachopata joto. Nyasi ukizizika zinaoza tu."